Tone moja kwa kijiko cha chai

Mie ni mtoto wa Wawi, Pemba. Kiwanda cha makonyo, yaani vile vikonyo vya karafuu, kikiwashwa na upepo ukageukia kwetu, harufu ilikuwa inaingia mpaka kwenye kanga zilizoanikwa uani. Msimu wa karafuu tulikuwa tunakaa barazani baada ya isha, wakubwa kwa wadogo, tunachambua: karafuu upande huu, makonyo upande ule. Karafuu zilikwenda kwenye majamvi kupigwa jua. Makonyo yalitiwa magunia yakapelekwa kiwandani kutolewa mafuta. Kwangu kile kikonyo kilikuwa taka ya karafuu tu. Nilikuwa mtu mzima, nimeshaolewa Unguja, siku nilipofungua kichupa cha mafuta yake na machozi yakanitoka, kwa ule ukali na kwa kukumbuka nyumbani.

Nimeanzia huko ili msomaji ajue kwamba mafuta haya nayapenda. Nitakayoyasema hapa chini si ya kumtia mtu hofu. Nataka tuendelee kuyatumia, sisi na watoto wetu. Ila nataka tuyapime.

Kazi yangu ni kusinga maharusi. Kwa wasomaji wa bara ambao neno hili si lao: biharusi anakaa ndani siku kadhaa kabla ya harusi, anasuguliwa singo, anapakwa liwa, ule unga wa mti wa harufu, anafukizwa udi, anakandwa mafuta mwili mzima mpaka ngozi inakuwa laini na harufu inamwingia. Singo yangu nasaga mwenyewe kwa langilangi (ylang-ylang), mpachori (patchouli), waridi, mrehani, asmini ikipatikana, na karafuu, halafu naikoroga kwa marashi. Mafuta ya kukandia ni ya nazi au ya ufuta, na ndani yake hutiwa mafuta ya harufu yaliyotolewa kwa mvuke: ya karafuu, ya langilangi, ya mchaichai.

Nina miaka kumi na minne katika kazi hii. Miaka tisa ya mwanzo niliifanya vibaya, na nataka kueleza hasa vibaya namna gani.

Nilikuwa namimina mafuta ya karafuu matupu kiganjani. Matupu, yaani kama yalivyotoka kwenye kichupa, bila kuchanganywa na kitu. Nasugua viganja mpaka vipate moto, nampaka biharusi mgongoni na kiunoni, halafu ndipo nachukua ya nazi nikaanza kukanda. Ndivyo nilivyofundishwa, na aliyenifundisha naye ndivyo alivyofundishwa. Wapo wasichana walioniambia, "Shangazi, yanachoma." Nikawajibu, "Vumilia mwanangu, ndiyo yanaingia hayo." Kauli hiyo inaniuma mpaka leo. Msichana kalala kifudifudi, ana aibu zake, ananiamini kama mama yake, ananiambia ngozi yake inaungua, na mie namwambia avumilie.

Mwaka wa nane ulianza muwasho katikati ya vidole vya mkono wangu wa kulia. Kwanza vilitoka vipele vidogo vya maji, kama punje za ulezi chini ya ngozi. Vikapasuka, ngozi ikakauka, ikapasuka nayo, na kila nikikamua ndimu naona nyota. Nikadhani fangasi. Nikanunua dawa ya fangasi, haikusaidia. Nikadhani sabuni ya unga, nikabadili sabuni. Siku za Ramadhani ambazo harusi hamna mikono ilipona yenyewe, nikashukuru, na Shawwal harusi zilipoanza tena ikarudi kama mwanzo. Hapo ningekuwa na akili timamu ningeelewa. Sikuelewa.

Kilichonifungua macho ni jino. Nilikwenda kuziba jino, nikawekewa dawa ya muda na kuambiwa nirudi wiki ya pili. Jioni ile fizi iliwasha, na asubuhi ya pili yake mdomo wa upande ule ulikuwa umevimba na ngozi ya pembeni ya mdomo imekuwa nyekundu yenye vipele vilevile vya vidoleni. Nikarudi, ile dawa ikatolewa, nikapelekwa kwa daktari wa ngozi. Daktari aliishika mikono yangu akaigeuza, hakuniuliza habari ya sabuni. Aliniuliza, "Kazi yako nini, mama?"

Ndipo nikajifunza kwamba dawa nyingi za kuziba jino kwa muda huchanganywa kwa unga wa zinki oksaidi na yujino (eugenol), na yujino ndiyo hasa inayoyafanya mafuta ya karafuu kuwa mafuta ya karafuu. Katika mafuta ya makonyo, sehemu nane au tisa kati ya kumi ni hiyo. Mwili wangu ulikuwa umeshaijua yujino kwa miaka, umeichukia, na unaitambua popote inapokuja: mkononi, mdomoni, kwenye manukato ya dukani. Daktari alinieleza kuwa mzio wa namna hii ukishaingia hauondoki. Cha kufanya ni kukaa mbali na kinachouamsha tu. Mtoto wa Wawi, mzio wa karafuu. Nililia nikiwa kwenye daladala narudi nyumbani.

Sasa nieleze nilichokielewa baada ya hapo, maana watu wengi wanachanganya mambo mawili. Lipo la kuchoma na lipo la mzio. Kuchoma ni papo hapo: unapaka, dakika tano panawaka moto, panakuwa pekundu, unafuta, baada ya saa kadhaa panatulia. Huko ni ukali wa mafuta na unampata mtu yeyote yakizidi. Mzio hauji papo hapo. Unaweza kupaka leo, kesho kutwa ndipo panawasha. Unaweza kutumia miaka minane bila kitu, mwaka wa tisa ukakushika. Na ukishakushika, hata kidogo kile ambacho mwenzako hakimdhuru hata chembe, wewe kinakuinua ngozi. Ndiyo maana jibu la "mie natumia matupu miaka yote na sijaona kitu" halinitulizi hata kidogo. Mie pia nilikuwa nalisema.

Na mwanzo wa mzio huo ni kipimo. Ngozi inayokutana na mafuta makali matupu, mara kwa mara, sehemu ileile, ndiyo inayojifunza kuyachukia. Ikikutana nayo yakiwa machache ndani ya mafuta ya nazi, hatari inapungua mno. Haiishi, lakini inapungua mno.

Watu huniambia, "Lakini si ya asili haya? Si karafuu hizihizi tunazotia kwenye pilau?" Hebu tufanye hesabu. Karafuu kavu nzuri ina mafuta asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Kwa hivyo kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya karafuu ni mafuta ya gramu 30 hivi za karafuu kavu. Makonyo yana mafuta machache zaidi, asilimia 5 au 6, kwa hivyo kijiko hichohicho kinataka karibu gramu 100 za makonyo. Pilau ya nyumbani unatia karafuu ngapi? Sita? Kumi kama una wageni? Ukimwaga kijiko kizima mgongoni kwa mtu, umemwagia sufuria za pilau za mtaa mzima kwa mkupuo mmoja. Asili ni kweli, ila asili haikuyakusanya namna hiyo. Tumeyakusanya sisi, kwa moto na mvuke.

Haya, kipimo chenyewe. Kijiko cha chai ni mililita 5, na mililita moja ni matone kama 20. Kijiko kizima basi ni matone 100. Kwa hivyo tone moja la mafuta makali ndani ya kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi ni asilimia moja. Mtu asiye na kipimo chochote nyumbani anaweza kuanzia hapo: tone moja kwa kijiko cha chai. Kwa mafuta mengi ya harufu, asilimia moja hadi mbili inamtosha mtu mzima mwenye afya kwa mwili, na kwa uso nusu ya moja hadi moja.

Lakini karafuu haimo katika hayo mengi. Karafuu ni kali kuliko hayo, na kiwango kinachopendekezwa na wanaochunguza usalama wa mafuta haya kwenye ngozi ni kisizidi asilimia 0.5. Yaani tone moja kwa vijiko viwili vya chai. Mchaichai nao uwe chini ya asilimia 0.7, kwa ajili ya kile kilichomo ndani yake kinachotoa harufu ya ndimu. Mdalasini wa gome ni mkali kupita wote, mie siutii kabisa kwenye mafuta ya kupaka. Harufu yake naipata kwenye ubani, inatosha.

Kwa kazi yangu matone hayanitoshi, kwa sababu tone la kichupa hiki si tone la kichupa kile. Mdomo mwembamba unatoa tone dogo, mdomo mpana unatoa tone kubwa, na mafuta mazito yanatoka tofauti na mepesi. Natumia bomba la sindano la mililita moja, lisilo na sindano, ambalo duka la dawa linauza kwa bei ndogo. Natumia moja kwa kila aina ya mafuta, na sirudii mabomba yaliyolainika, maana mafuta haya yanakula plastiki. Usishangae. Tia mafuta ya karafuu kwenye kikombe kile cheupe chepesi cha kahawa za barabarani, ukiache, utakikuta kimekunjamana na kuyeyuka chini. Ukishaliona hilo kwa macho hutayahifadhi tena kwenye chupa ya maji ya dukani, na pengine utafikiri mara mbili kuhusu ngozi.

Chupa yangu ya kukandia naitengeneza hivi. Mafuta ya nazi au ya ufuta mililita 100, kwenye chupa ya glasi ya kahawia iliyooshwa na kukauka kabisa. Karafuu 0.3. Langilangi 0.4. Mpachori 0.5. Hayo yote kwa mililita. Nafunga, naizungusha viganjani taratibu, naiacha usiku mmoja, harufu zishikane. Ukijumlisha yote ni asilimia 1.2 tu, na biharusi akipita uani majirani wanajua. Kwa miguu iliyochoka naweka chupa nyingine: mchaichai 0.5 peke yake katika 100 ya ufuta. Asubuhi za kipupwe mafuta ya nazi yanaganda kidogo. Unaiweka chupa kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, yanarudi. Usiiweke jikoni juu ya moto.

Sasa swali ambalo kila mteja wangu wa zamani aliniuliza nilipobadilisha: yatafanya kazi yakiwa machache hivyo? Mie nilijiuliza pia, nikiwa na wasiwasi wa riziki. Jibu nimelipata kwa mikono. Mafuta ya harufu matupu yanaruka hewani; ukiyapaka hivyo, sehemu kubwa unaipa hewa ya chumba. Yakiwa ndani ya nazi yanashikwa, yanakaa kwenye ngozi muda mrefu, na yanaenea sawasawa badala ya kukusanyika sehemu moja. Ule umoto wa karafuu mgongoni upo palepale katika asilimia 0.3, ila ni umoto wa mtu aliyekaa karibu na jiko, si wa aliyeshika chungu. Yujino inafanya ganzi kidogo, inapunguza maumivu ya juujuu kwa muda. Haitibu goti lililochakaa, na anayekwambia inatibu anakuuzia. Kazi kubwa ya kulegeza kiuno ni ya vidole vya mkandaji na muda wake. Mafuta yanasaidia mkono uteleze, na harufu inasaidia moyo utulie. Hayo mawili si madogo kwa msichana anayeolewa Jumapili.

Sasa nije kwenye ndoo ya kuogea, maana hilo naliona majumbani mwetu sana. Mtu anatia matone kumi ya mafuta ya karafuu kwenye ndoo, anakoroga kwa kopo, anaoga, anadhani ameyachanganya. Hayachanganyiki. Mafuta na maji hayajawahi kupatana. Fanya jaribio hili uone: glasi ya maji safi, tonesha matone manne ya karafuu. Yatasimama juu kidogo kisha yatashuka, yakiwa duara, manjano kidogo, kama shanga, yakakae chini ya glasi. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, tofauti na mengi ya mafuta yetu. Kwa hivyo kwenye ndoo yanazama, na kopo la mwisho, lile unalojimwagia kichwani umalize, ndilo linalobeba yote. Mchaichai ni kinyume: unaelea, kopo la kwanza ndilo linaubeba. Nimeona mwanamke aliyeungua begani kwa mstari mmoja uliotelemka mpaka kwapani, sawasawa na njia ya maji. Kama unataka kuoga nayo, yachanganye kwanza kwenye mafuta ya nazi, ujipake baada ya kuoga ngozi ikiwa bado ina umajimaji.

(Hiyo shanga ya kuzama nimeitumia pia kukagua ninachouziwa. Kichupa kilichoandikwa karafuu tupu, halafu matone yakatandaa juu ya maji kama mafuta ya kupikia, huyo muuzaji simrudii. Si kipimo cha maabara, na matone yakizama bado hujajua yote, lakini yakielea umeshajua kitu.)

Na ikitokea mafuta matupu yamekumwagikia mkononi, usikimbilie bomba la maji. Maji yanayatembeza tu. Futa kwanza kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi au hata ya kupikia, mara mbili tatu, halafu osha kwa sabuni. Jichoni ni mengine: maji safi mengi, bila kukoma, dakika kumi na tano, na huku mtu anatafuta usafiri wa hospitali.

Ndimu na limau zinahitaji mazungumzo yake, hasa kwetu tunaoishi na jua hili. Mafuta ya ndimu au limau yaliyokamuliwa kwenye maganda yana kitu ambacho kikikaa kwenye ngozi na jua likakipiga, ngozi inaungua. Si jua limeunguza, wala si ndimu peke yake. Ni viwili vikikutana. Biharusi mmoja, si wangu ila niliitwa baadaye, alipakwa mafuta ya ndimu mabegani na shingoni asubuhi, na mchana akachukuliwa ufukweni kupigwa picha. Kesho yake alikuwa na malengelenge, na yalipopona yakaacha michirizi ya kahawia iliyokaa wiki nyingi. Unaiona wapi ilipopita michirizi ya mafuta, kama mtu kachora kwa brashi. Alivaa gauni la mikono mirefu siku ya harusi yake. Ukipaka ya kukamuliwa, kaa mbali na jua kwa muda wa saa kumi na mbili na zaidi, au yapake usiku tu, au utumie yaliyotolewa kwa mvuke, ambayo hayana tatizo hilo. Na dada zangu mnaojisugua kipande cha ndimu usoni au kwapani halafu mnatoka nje, ni jambo lilelile. Maji ya ndimu yanafanya hivyohivyo.

Kwa watoto nina ukali usio na mjadala. Mtoto chini ya miaka miwili simpaki mafuta haya hata yakiwa machache vipi. Nazi tupu inamtosha. Mtoto mdogo mwenye mafua usimpake mkaratusi wala mnanaa puani, mdomoni au kifuani karibu na uso, najua bibi zetu wanapenda kufanya hivyo. Ule ubaridi unaotufungulia pua sisi wakubwa unaweza kumbana mtoto pumzi. Na vichupa viwekwe juu, vifungwe. Kijiko kimoja cha mafuta ya mkaratusi akikimeza mtoto kinaweza kumletea degedege na kumpotezea fahamu, na karafuu ikimezwa inaliumiza ini. Ikitokea, usimtapishe. Mchukue pamoja na kichupa, nenda hospitali mara moja.

Wajawazito nawakanda kwa ufuta mtupu mpaka wasemezane na mkunga wao. Wenye pumu ya ngozi vilevile, maana ngozi yao tayari ina milango wazi.

Na milango wazi inanikumbusha kosa jingine la kazi yetu: mpangilio wa siku. Tulikuwa tunamnyonyoa biharusi kwa sukari, tunamsugua singo, halafu palepale tunampaka mafuta ya harufu. Ngozi iliyotoka kunyonyolewa na kusuguliwa imechubuka hata kama huoni damu. Inakunywa kila unachokipa. Siku hizi kunyonyoa ni siku yake, usiku huo anapakwa nazi tupu. Mafuta ya harufu yanakuja kesho yake. Pia namuuliza mchoraji wa hina kama ametia mafuta kwenye hina yake ili ikolee, na kiasi gani. Wapo wanaotia ya karafuu kwa kukisia, na hina inakaa mkononi saa nyingi, si dakika. Mkono unaowasha kwa hina wengi hudhani ni hina.

Kuhifadhi ni jambo fupi: glasi ya kahawia, kifuniko kilichokazwa, kabatini penye kiza na ubaridi, tarehe ya kufungua iandikwe. Mafuta yakikutana na hewa na mwanga yanaharibika, na yakiharibika yanazidi kuwa rahisi kuleta mzio. Ya mchaichai, ndimu na mti wa chai (tea tree, si mmea wa majani ya chai) nayabadili baada ya mwaka. Karafuu inastahimili zaidi. Ukisikia harufu imekuwa kama rangi ya mbao, usiyaonee huruma ya pesa.

Halafu kujaribu. Hili sasa silivuki kwa mteja yeyote, hata mtoto wa dada yangu. Siku tatu kabla ya kazi nachukua kidogo cha mafuta yaleyale ya chupa, yaliyokwisha kuchanganywa, kiasi cha punje ya mchele, nampaka upande wa ndani wa kiwiko. Hapaoshwi. Anaangalia baada ya saa 24, na tena baada ya 48, kwa sababu mzio ni mvivu wa kuamka. Pakiwasha, pakiwa na vipele, tunabadili mafuta, au tunatumia nazi na marashi tu. Nimeshawahi kumsinga biharusi bila hata tone moja la mafuta makali, kwa udi na asmini zilizolowekwa, na mama mkwe wake alinusa akauliza ni mafuta ya wapi.

Kujaribu si kinga kamili. Mzio unaweza kuja baadaye, kama ulivyonijia mie. Lakini wapo ambao miili yao imeshachukia kitu na hawajui, na hao unawakuta kwenye kiwiko badala ya kuwakuta mgongo mzima siku moja kabla ya harusi.

Mie mwenyewe karafuu siigusi tena. Navaa glovu za bluu za hospitali ninapochanganya, navyo vichupa vya karafuu anashika mpwa wangu, ambaye anajifunza kazi. Kukanda bila ngozi kugusana na ngozi kulinishinda mwanzoni, nikahisi kama namkanda mtu kupitia ukuta. Kwa hivyo sasa tuna chupa mbili: yenye karafuu anakanda yeye, isiyo na karafuu nakanda mie. Wasichana wengi wanachagua ya kwangu kwa sababu ya langilangi, na mpwa wangu ananuna kidogo.

Wiki hii nimemwachia apime peke yake kwa mara ya kwanza. Alikaa mezani na bomba lake, akalivuta mpaka 0.3, akaliinua juu usawa wa macho, akaona kipovu cha hewa ndani, akalirudisha yote na kuvuta upya. Sikusema neno. Akaandika kwenye plasta na kuibandika kwenye chupa: karafuu 0.3, langilangi 0.4, mpachori 0.5, nazi 100, na tarehe. Alhamisi tuna biharusi Mwanakwerekwe. Juzi tulimpaka kiwikoni, jana saa 24 ziliisha akasema hakuna kitu, na leo asubuhi ametuma picha ya mkono wake kwenye mwanga wa dirisha. Nimeikuza kwenye simu nikaiangalia vizuri. Ngozi ni safi.